Panya wa Rafu ya Nne

"Hakuna sumu," alisema daktari wa maiti kwenye simu. "Narudia, afande. Kwenye damu hakuna, tumboni hakuna, kwenye kile kichupa cha dawa ndiyo kabisa. Nimepima, nikapima tena, nikamwita mwenzangu naye akapima."

Inspekta alikuwa amesimama katikati ya maabara, simu sikioni, kitambaa puani kwa sababu harufu ya asetoni ilimkereketa koo. Tangu mwalimu yule, mgonjwa aliyekuwa akijaribiwa dawa mpya, akate roho kitandani, kesi yake yote ilikuwa imesimama juu ya neno moja, sumu. Alishahoji watu kwa neno hilo, alishafunga milango kwa neno hilo, na sasa neno lenyewe halipo.

"Basi kimemuua nini?"

"Amekufa kwa kukosa chumvi."

"Daktari, usinitanie."

"Ningetaka kukutania ningesema kapigwa na radi. Mwili umemwaga chumvi yake yote kwenye mkojo, maji yakafuata, moyo ukashindwa. Watu wa ugonjwa ule hufa hivyo wasipopata dawa. Kama nisingeambiwa kwamba alidungwa sindano, ningekuapia kwamba hakupewa kitu."

Simu ikakatika. Inspekta akabaki ameikodolea macho kana kwamba imemtukana. Vijana wa kituoni walimwita Shangazi, kwa siri waliyodhani haijui, kwa sababu alihoji kama shangazi wa bwana harusi aliyetumwa kumkagua mchumba: taratibu, kwa tabasamu, mpaka unajikuta umetaja hata ugomvi wa babu yako. Leo tabasamu lenyewe lilikuwa limempotea.

"Kuna nini, afande?" aliuliza Koplo, aliyekuwa mlangoni akimlinda Mkemia. Mkemia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, vidole vimebabuka kwa dawa. Yeye ndiye aliyeitengeneza ile dawa, na tangu asubuhi Koplo alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kumhukumu.

Kabla Inspekta hajajibu, mlango ulisukumwa na Profesa akaingia bila hodi. Alikuwa na haki ya kutopiga hodi, maabara ni yake, lakini uso wake ulikuwa umesawijika kama wa mtu aliyelala njiani.

"Afande, nirudishie kichupa changu. Binti amezidiwa. Mapigo yanakwenda yanapotea. Jana mmenichelewesha sindano moja, leo mnanichelewesha ya pili. Akifa, hatakuwa ameuawa na mtu mwingine, mtakuwa mmemuua nyinyi."

Binti huyo wa miaka kumi na mitano alilazwa ghorofa ya juu, wodi ya wanawake, na alikuwa mgonjwa wa pili na wa mwisho wa jaribio lile. Yeye na marehemu mwalimu walikuwa na maradhi mamoja: tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila moja kama kofia, zilikuwa zimekufa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuihifadhi chumvi mwilini. Inampita kama maji kwenye chekecheke. Kwa miaka walikuwa wameishi kwa kula chumvi kwa vijiko na kunywa maji ya chumvi kama dawa. Halafu Profesa akaja na homoni yake, akawaanzishia sindano, na siku hiyo hiyo akawakataza chumvi, kwa hofu kwamba vitu viwili hivyo vikikutana mgonjwa atavimba na moyo utapasuka. Sasa mwalimu amekufa, na Inspekta ndiye aliyekuwa ameishika sindano ya binti. Akiiachia na kumbe ina kitu, atakuwa ameua. Asipoiachia na kumbe ni nzima, atakuwa ameua vilevile.

"Profesa, kaa."

"Sina muda wa kukaa."

"Kaa, kwa sababu nitakalokwambia litakukalisha tu. Kichupa chako hakina sumu."

Profesa akashusha pumzi. "Nilisema! Tangu juzi nasema! Basi nipe."

"Hakina sumu, wala hakina dawa."

 Mkemia alinyanyua kichwa. 

"Haiwezekani," akasema Profesa.

"Mwalimu amekufa kama mtu aliyedungwa maji. Kwa hiyo ama kuna mtu amebadilisha kilichomo, ama hakikuwemo tangu mwanzo. Funguo za sefu anazo nani?"

"Mimi. Na yeye." Profesa hakumtazama Mkemia alipomtaja, na Koplo akalikamata jambo hilo kama paka aliyeona mkia.

"Afande, niseme?" Koplo alipiga hatua mbele. "Huyu bibie ana droo imefungwa. Nimeomba ufunguo, kaninyima."

"Nilikunyima kwa sababu ulitaka kuivunja kwa bisibisi," alisema Mkemia.

"Ifungue sasa, mama," alisema Inspekta kwa upole.

Mkemia alitoa ufunguo shingoni na kufungua. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho, na ndani yake kitu ambacho kama usingeambiwa ungekidhani vumbi. Kibandiko kilikuwa na tarakimu moja: 3.

Koplo karibu apige makofi. "Si unaona! Dawa yenyewe kaificha, sefuni kaweka maji!"

"Hiki si cha sefuni," alisema Mkemia. "Cha sefuni ni namba nne."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," alisema Inspekta. "Mimi chumvi naijua kwenye sufuria tu."

Mkemia alimpeleka mbele ya mapipa. Kila wiki, alieleza, gari la machinjio lilileta tezi za ng'ombe, mapipa kwa mapipa. Walizisaga kama nyama, wakaziloweka kwenye asetoni, wakachuja, wakakausha, wakachuja tena, mpaka pipa zima likabaki shira kidogo ndani ya kikombe. Shira ile ilikuwa na vitu chungu nzima vinavyofanana kama ndugu. Kuvitenganisha, walidondosha tone juu ya karatasi ndefu, wakaining'iniza ndani ya mtungi wa kioo wenye dawa, na dawa ikateremka na karatasi ikivibeba. Kila kitu kilikwenda kwa mwendo wake: kingine kikachoka mapema, kingine kikafika mwisho.

"Kama watu wa harusi moja wanaorudi nyumbani kwa miguu," alisema Inspekta.

"Hasa. Asubuhi tunaikata karatasi vipande, tunaosha kila kipande peke yake. Kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Homoni tunayoitafuta imo kwenye kipande kimoja. Ina nguvu ya kutisha, afande. Kiasi usichoweza kukiona kwa macho kinamzuia panya asipoteze chumvi. Lakini kwa macho huijui. Panya ndio wanaotuambia."

"Na panya walisema nne."

"Panya walisema nne," aliitikia Mkemia. "Mimi nilisema tatu. Kwenye karatasi, doa la tatu lilisimama mahali ambapo hakuna kitu tunachokijua kimewahi kusimama. Tulifokeana na Profesa hapa hapa, jengo zima lilisikia. Akaniamuru nimwage namba tatu. Sikumwaga. Ndiyo dhambi yangu hiyo."

"Kwenye rafu ya tatu panya walikufa!" Profesa aliruka. "Wawili walikufa, wengine wakabaki wanapepesuka. Kwenye rafu ya nne hakufa hata mmoja. Walinenepa! Ungekuwa wewe, afande, ungechagua ipi?"

Inspekta aliwapima wote wawili. Mtu anayedanganya, alivyojua yeye, hujitetea kwa alichofanya. Huyu alikuwa akijitetea kwa walichofanya panya. Na Mkemia, kama angetaka kuiba, angeiba kile ambacho kila mtu alikiamini, si kile kilichoamriwa kumwagwa.

"Basi twendeni tukawahoji," alisema.

"Nani?"

"Hao mashahidi wako wenye mikia."

Koplo alicheka peke yake, akanyamaza alipoona hakuna aliyemuunga mkono.

Chumba cha panya kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa bati, ufunguo mmoja. Aliyeushika ufunguo huo aliitwa Mjomba na kila mtu, Profesa akiwemo, na hakuna aliyekumbuka ilianza vipi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, buti za mpira miguuni, akibadilisha maranda kwenye vizimba. Alipowaona alifuta mikono kwenye koti.

"Karibuni. Profesa, binti yangu anaendeleaje? Sista kanizuia mlangoni."

Yule binti wa ghorofa ya juu alikuwa mwanawe. Inspekta alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na kwa ajili hiyo alikuwa amemfuta Mjomba kwenye orodha ya washukiwa kabla hata hajamwandika: katika jengo lile zima, huyu ndiye mtu pekee asiyeweza kutia sumu kwenye dawa ile. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila ilikuwa hesabu ya sumu, na sumu haikuwepo.

"Tunamwangalia, Mjomba," Profesa alijibu kwa sauti ya kukwepa.

Vizimba vilipangwa kwenye rafu za chuma, rafu sita kwa vipande sita, na ya saba ya panya wa kulinganishia, wasiodungwa kitu. Panya wote walikuwa wameondolewa zile tezi. Mkemia alionyesha chupa zilizoning'inizwa kichwa chini juu ya kila kizimba, kila moja na mrija mfupi wa chuma wa kunyonyea. Chupa zenye kizibo cha buluu zilikuwa na maji ya chumvi. Panya walikunywa hayo wakati wa kuwatunza, wasife kabla ya zamu yao. Siku ya jaribio zilitolewa, zikawekwa zenye kizibo cheupe, maji matupu, yaliyokusanywa kwenye mvuke. Hapo ndipo kila panya alipoachwa na kile alichodungwa. Mwenye dawa ataishi, asiye na dawa atakufa.

"Hakuna kipimo kingine?"

"Mkojo," alisema Mkemia. "Kawaida tunapima chumvi kwenye mkojo. Mashine iliharibika, kipuri kikachelewa. Profesa akasema kuishi kunatosha."



Inspekta alipita mbele ya rafu moja moja, mikono mgongoni. Rafu ya saba ilikuwa tupu, wote walishakufa. Ya tatu ilikuwa na panya wachache, manyoya yamesimama, lakini wazima. Ya nne walijaa, wakang'aa, wakaja mbele kumnusa. Vizibo vyao vyote vilikuwa vyeupe, kama inavyotakiwa.

Akainama. Akatoa miwani. Akarudi rafu ya tatu, akatazama, akarudi tena ya nne. Kwenye ncha ya kila mrija wa rafu ya nne kulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, kama unaobaki kwenye ukingo wa sufuria maji yakichemka hadi kukauka. Mirija ya rafu nyingine iling'aa.

"Mama, maji matupu yakikauka yanaacha nini?"

"Hayaachi kitu."

"Njoo uone."

Mkemia aliona.  Alitoka nusu akikimbia, akarudi na kichupa cheusi na vikombe viwili vya kioo. Kwenye kikombe kimoja alimimina maji ya rafu ya tatu, kwenye kingine maji ya rafu ya nne.

"Hii ni dawa yenye madini ya fedha," alisema. "Haipatani na chumvi. Pasipo na chumvi, hakuna kitakachoonekana."

Alidondosha tone kwenye kikombe cha kwanza. Maji yakabaki maji. Alidondosha kwenye cha pili, na pale lilipogusa, maji yaligeuka meupe pepepe, weupe ukashuka mpaka chini, mpaka usingeweza kuona kidole upande wa pili.

Koplo alisema, "Mungu wangu." Profesa alipapasa nyuma akitafuta kiti, hakukipata, akakaa juu ya gunia la maranda.

"Ni chumvi," alisema. "Waliishi kwa chumvi. Siyo dawa. Wa rafu ya tatu ndio walioishi kwa maji matupu. Nimemdunga yule mwalimu... nikamkataza chumvi, nikamdunga maji." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hakukuwa tena na uprofesa pale, palikuwa na mtu mzima tu.

Inspekta hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mwenye ufunguo.

"Mjomba."

"Naam, afande."

"Nani anajaza chupa hizi?"

 Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka Mjomba juu ya mdomo, lakini hakukwepesha macho yake.

"Mimi."

"Nani alivaa kizibo cheupe kwenye maji ya chumvi?"

"Mimi, afande. Wala sikuiba kitu. Maji ni yale yale waliyokuwa wakinywa, sikuyaondoa tu."

"Kwa nini rafu ya nne?"

"Profesa alisimama hapo hapo aliposimama Koplo. Alikuja na wale wageni wafadhili. Akawaambia, matumaini yangu yote yako rafu hii. Hawa wakifa, mje mfunge maabara. Mimi nilikuwa nafagia. Nikajiuliza, wakifunga maabara, mwanangu dawa ataipata wapi?" Aligeuka kwa Profesa kama anayeomba kuungwa mkono. "Nilijua dawa unayo, Profesa. Nilijua haijakolea tu. Nikasema niwashikilie hawa panya mpaka ikolee. Panya ni panya. Nilidhani nawasogezea siku."

"Mjomba, umenichagulia kipande," alisema Profesa kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye uliyenichagulia."

"Mimi? Mimi sijui vipande."

Hapo Inspekta akatambua kwamba mtu huyu bado hajaelewa. Alidhani ameshikwa kwa kudanganya kuhusu panya. Alikuwa akingoja kukemewa.

"Mjomba, nisikilize," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alitamani mtu mwingine aseme badala yake. "Panya wako ndio walioambia watu hawa kwamba dawa ni namba nne. Namba nne siyo dawa. Haina kitu. Ndiyo aliyodungwa mwalimu. Binti yako amedungwa nini?"

Mjomba alimtazama. Akamtazama Mkemia. Akatazama kile kikombe cheupe juu ya meza. Akayumba, akashika chuma cha rafu, na panya wote wakatawanyika kwa kishindo.

"Na chumvi mmemkataza," alisema.

Aliyekimbia wa kwanza alikuwa Profesa. Aliruka juu ya ndoo, akapiga mlango kwa bega, na wakamsikia kwenye ngazi akipiga kelele aandaliwe dripu ya chumvi, sasa hivi, kubwa kabisa iliyopo. Mkemia alimfuata akiwa ameshika namba tatu kifuani. Koplo alishika pingu, akamwangalia bosi wake.

"Tumfunge, afande?"

"Mshike mkono asianguke," alisema Inspekta. "Pandisha naye."

Wodini, wagonjwa waliokuwa wamekaa walisimama. Binti alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho nusu. Sista alikuwa ameshapata mshipa. Chupa ilitundikwa, maji ya chumvi yakaanza kushuka, tone, tone, na Profesa akapiga magoti sakafuni, vidole kwenye kifundo cha mkono wa binti, akihesabu kwa midomo.  Mjomba aliachwa amesimama miguuni mwa kitanda, kati ya Inspekta na Koplo, akishika chuma cha kitanda kama alivyoshika kile cha rafu.

Chupa ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu Profesa aliponyanyua uso. Ulikuwa umelowa.

"Unarudi," alisema. "Mpigo unarudi. Sielewi. Alianza sindano siku moja tu baada ya mwalimu, na ni mdogo, ni dhaifu kuliko yeye. Kwa hesabu yoyote alipaswa kuwa amekwenda jana."

Sista alikuwa akimwinua binti kichwa ili amwekee mto vizuri. Chini ya mto kulikuwa na kitu. Alikivuta: kipande cha karatasi kilichosokotwa, kimelowa jasho, na kilipofunguka, chembe nyeupe zikamwagika juu ya shuka. Sista alionja kwa ncha ya ulimi, akamtazama Profesa.

"Chumvi. Atakuwa kaombaomba kwenye sinia za wenzake. Tulimwonya!"

Inspekta aliona mkono wa Mjomba ukiachia chuma cha kitanda.

"Juzi nilimkuta anailamba," alisema Mjomba, na wodi nzima ilimsikia. "Nikamnyang'anya. Nikamzaba kibao, mgonjwa, kitandani hapa. Nikamwambia, mwenzako mwalimu anafuata masharti, wewe unataka kufa?"  "Afande, huyu mtoto hajawahi kunitii. Tangu kuzaliwa. Angenitii juzi, leo ningekuwa nimeua wawili."

Mkono mwembamba wenye dripu ulisogea juu ya shuka, ukapapasa, ukazifikia zile chembe. Hakuna aliyeuzuia.